Mulango ya garaji Lubumbashi: fundi anasema 420 "yote ndani", nitumaini?

mama_wa_BelAir (Lubumbashi)

Jambo yenu ba yaya na ba ndugu. Niko hapa Lubumbashi, kartye Bel-Air, naomba shauri mbele ya kutoa feza, juu nikisha kutoa haitarudia. Nyumba yetu ni ya zamani, iko na garaji yenye kushikana na jikoni, na mulango yake ni ile ya baskilanti, kipande kimoya kizima kinainuka na kulala chini ya plafo, resori mbili pembeni njo zinaibeba. Juma mbili zilizopita resori moya ilikatika, na mwenye alikuwa anafungua ni mutoto wangu wa miaka 9. Mulango ilishuka mara moya. Alijitupa kando, ikamukwangura kisigino tu, lakini ile kishindo ningali naisikia usiku. Tangu siku ile tumeifunga, tumeitegemeza na miti kwa ndani, motokari inalala inje mu lupango na mi silali vizuri.

Devi (karatasi ya bei) niko nazo mbili. Ya kwanza ni ya sudere (fundi wa kuunga chuma) moya wa komini ya Kenya hapa muji, mulango ya tole (bati ya chuma) ya batanti (mabawa) mbili, dola 420, anasema "mama, ni yote ndani, usisumbuke". Aliandika mustari moya tu kwenye karatasi. Ya pili ni ya magazini moya ya katikati ya muji, mulango ya seksyoneli, ile ya vipande vipande inapanda na reli, pamoya na motere na telekomandi, dola 1700, kisha 250 ya kuiweka. Mi na bwana yangu tulitenga 900. Masomo inaanza mwezi wa 9, niko na batoto batatu wa kulipia, siwezi kupita pale.

Tundu lenyewe ni karibu 2.50 ya upana na 2.15 ya urefu, motokari ni RAV4. Na kuko kintu kingine, mvula ikinyesha nguvu mayi inaingiaka chini ya mulango mpaka inafika kwenye ngazi ya jikoni, sijue kama mulango mupya itaizuia. Nauliza: 420 inaweza kweli kuwa yote? Ama nikope kidogo nichukue ile ya motere? Na ni nini yenye bantu wanasahauka kuhesabu?

fundi_wa_tole (Lubumbashi)

Mama pole sana na mutoto. Mi niko sudere miaka 15 sasa, acha niseme kwanza kintu cha haraka halafu tutakuja ku feza. Ile resori yenye ilibaki, muntu asiiguse. Saa mulango iko imefungwa, resori iko imevutwa mpaka mwisho, inabeba karibu uzito yote ya mulango peke yake, ukifungua bulo yake na kle inaruka na inaweza kutoboa muntu jicho ama kuvunja mukono. Nilisha kuona. Siku ya kuitoa, bantu watatu wainue mulango mpaka juu, waweke miti ya nguvu chini yake, hapo resori inalegea, njo inatoka. Batoto wakuwe mbali.

Sasa devi. "Yote ndani" mama ni neno lenye halina vipimo, na mulango ni vipimo tu. Mwambie akuandikie mustari kwa mustari: tole ni ya milimetre ngapi, tibu (bomba ya chuma ya kare) ni ya ngapi kwa ngapi na ngapi ya unene, baa ngapi, pomele (bawaba) ngapi na za aina gani, serire (kufuli) gani, antiruye (rangi ya kuzuia kutu) mara ngapi, rangi, bageti (vijiti vya kuungia chuma), esansi ya grupe (jenereta) kama kura (umeme) iko haiko, transporti, na nani anavunja na kujenga ukuta. Akikataa kuandika umeshapata jibu yako bila kulipa.

Nikuhesabie mulango yako venye mi ningeifanya. Tole inauzwa kwa kipimo ya 1.22 kwa 2.44. Ukifanya kila batanti 1.20 ya upana, tole mbili zinatosha na hakuna kutupa, lakini ukimwacha fundi afanye 1.25 kila moya ataomba tole ya tatu juu ya santimetre 3, na ile tole ya tatu ni weye unalipa. Kwa hiyo tundu lako la 2.50 linatoshana vizuri kabisa na kadre (fremu ya kushika mulango) ndani yake. Tibu ya 40 kwa 40, hesabu karibu metre 11 na nusu kwa kila batanti, mzunguko, mbili za kukata katikati na moya ya kupinda kutoka kona ya chini yenye pomele mpaka kona ya juu, maana bila ile ya kupinda mulango inaanguka pua kisha mwaka moya inakwaruza chini. Jumla metre 23, baa moya ni metre 6, kwa hiyo baa 4. Kadre ya pembeni na ya juu, 50 kwa 50, baa 2. Pomele 3 kila upande, za rulema (beringi).

Uzito: tole ya milimetre 1 inabeba karibu kilo 7.85 kwa kila metre kare. Ya 1.5 kwa mulango wako ni kilo 62 hivi, ongeza tibu ya 2 milimetre, karibu 53, unafika 115, ni kusema kila batanti karibu 58. Mutoto wa miaka 9 anaweza kuisukuma na mukono moya kama pomele ni nzuri na kadre iko sawa. Ukitia tole ya 3 milimetre juu bantu wanakwambia "ya nguvu", tole peke yake inapita 120, pomele zinachoka na ukuta unapasuka. Unene mingi haiko usalama.

Na hapa njo penye bantu wanaibiwaka sana: tole ya 1.2 inauzwa kwa jina ya 1.5. Kwa macho hutaona tofauti. Ipime kwa kilo. Tole nzima ya 1.5 ni kilo 35, ya 1.2 ni 28. Kilo 7 haijifiche. Kama kenkayeri (magazini ya vyuma) haina mizani, mizani ya ba mama wanauza unga iko kila soko, omba, weka kitambaa, pima.

Kwa 420 ile ndugu yangu anakupa pengine tole ya 1.2, tibu ya 1.5, kadre inakamatishwa ku matofali na pati (vipande vya chuma vya kuingia mu ukuta) fupi. Haiko mwizi lazima, bei yake njo inamupeleka pale.

shoferi_wa_Kasum (Lubumbashi)

Mama mi niko na seksyoneli nyumbani miaka 2 sasa, na siwezi kudanganya, ni muzuri, naipenda. Lakini nikuambie yenye nilipitia ili usikope bure.

Mulango yenyewe nilinunua ngambo ya Zambia, ya kutoka Afrika Kusini, kipimo yao ya kawaida ya garaji ya motokari moya ni 2440 milimetre. Bei ya kule ilinifurahisha. Kisha nikaongeza transporti mpaka Kasumbalesa, duane, TVA ya 16 kwa mia, transporti tena ya kuingia muji, na paneli moya ilifika imebonyea na hakuna mwenye alikubali kosa. Feza yenye nilimaliza ilipita nusu tena ya ile yenye niliona kwenye faktire ya kwanza. Magazini ya muji inakuhesabia hii yote ndani ya 1700 yake, kwa hiyo siwezi kusema ni bei mbaya, ni njia njo ndefu.

Kisha njo kosa yangu mimi mwenyewe. Nilipima upana, nilipima urefu, sikupima juu. Ile mulango ikipanda inapinda na kulala chini ya plafo, inahitaji nafasi kati ya tundu na plafo, karibu santimetre 30 kwa reli ya kawaida, na motere inaomba kidogo tena. Mi nilikuwa na 19. Kuko reli za nafasi fupi, zinauzwa mbali na bei yake mbali, nilingoja juma 5 zifike, mulango iko imelala mu salon imefunikwa na drap. Kwa hiyo mama, mbele ya kuongea motere, panda ku kiti upime toka mwisho ya tundu mpaka plafo. Pembeni pia, karibu 10 kila upande ya reli. Na kwenda ndani, zaidi ya urefu wa mulango, juu motere iko na reli yake ndefu ya katikati, inapita metre 3.

Ya resori pia uijue. Hizi za kisasa zinafungiwa ku chuma juu ya mulango, na zile za kawaida zinahesabiwa kufungua na kufunga mara 10000. Inaonekana mingi. Sisi tuko na motokari mbili, tunafungua mara 8 kwa siku, piga hesabu ni siku 1250, miaka 3 na nusu hivi. Kwenu kwa mara 4 inafika karibu miaka 7. Kisha unanunua resori ingine na unalipa muntu mwenye anajua kuikaza, na hapa muji hawako wengi. Ile feza ya resori ianze kuwekwa tangu siku ya kwanza.

Kura. Ikatike ama isikatike, motere yangu iko na bateri, siku mbili inajikaza, siku ya tatu unavuta kamba nyekundu na unainua na mukono. Lakini kama garaji haina mulango ingine na weye uko inje, ile kamba iko ndani! Lazima uombe ile ya kufungua na ufunguo kutoka inje, inauzwa peke yake. Kwako kuko mulango ya jikoni, hauna shida.

Kintu ya mwisho, siku wanakuwekea, mbele ya kulipa, vuta ile kamba, inua mulango na mukono mpaka katikati uiachilie. Inapashwa kubaki pale pale. Ikishuka ama ikipanda peke yake resori haijapimwa vizuri na motere itakufa haraka. Wengi wanaona telekomandi inafanya kazi wanalipa.

Junior_Kampemba

mi naona weka tu rido metaliki kama ya ba magazini, inafunga nguvu, bei iko katikati, maneno inaisha

fundi_wa_tole (Lubumbashi)

Junior rido inafaa kwa magazini yenye inafunguka mara moya asubuyi na kufungwa mangaribi. Nayo inajivingirisha juu, inaomba santimetre 30 mpaka 40 ya kuweka ile duara, kwa hiyo shida ya nafasi ni ile ile. Na kipwa (wakati wa kiangazi) hapa vumbi nyekundu inajaa mu reli zake za pembeni, usipoosha inalia kama mbuzi na kartye yote inajua saa gani umerudi. Siipingi, lakini kwa mama na batoto kila siku, hapana.

Muhumba_juu (Bukavu)

Mama jambo, mi niko Bukavu lakini ile habari ya mayi imenigusa, sisi huku tunaishi ku milima na mvula inatupiga karibu mwaka muzima. Nikuambie wazi: mulango haizuie mayi. Haijawahi kuzuia. Mimi niliweka kaushu chini ya mulango mara mbili, ya kwanza ilichanika mu miezi sita, ya pili mayi ilipita tu pembeni, na chuma ya chini ikaanza kuoza kwa sababu kaushu ilikuwa inashika unyevu pale pale. Mulango ya pili nilifanya kwa sababu ya ile.

Yenye ilinisaidia ni kukata mufereji mbele ya mulango, upana santimetre 15 tu, urefu wa tundu lote na kupita kidogo kila upande, nikafunika na grili ya chuma yenye inaweza kubeba motokari, na mufereji ikatelemka mpaka kwenye kaniveau ya barabara. Grili uifanye vipande vipande vya kuinuka, maana majani na udongo bitaingia na utapashwa kupangusa kila juma wakati wa mvula. Na sima ya mbele ya mulango ipewe mutelemko wa kwenda inje, santimetre 2 kwa kila metre inatosha. Kisha mulango iache nafasi ya santimetre 1 ama 2 chini, ipumue. Ile feza ya mufereji uihesabie ndani ya budjeti ya mulango tangu leo, usiseme "itafanyika baadaye", kwa sababu baadaye itabidi uvunje sima mpya.

Na kingine, ukuta. Nyumba yenu ni ya matofali ya kuchoma sivyo? Nimefika Lubumbashi, niliona venye munafanya matofali na udongo wa bichuguu, ni mazuri kwa kujenga lakini kwa kukamatisha mulango wa kilo mia na zaidi, mulango yenye kila siku inavuta na kusukuma, tofali itapasuka. Omba wamwage nguzo ya beto kila upande na chuma ndani, pati za kadre zizamishwe mule, na muiache. Sima mu siku 7 inakuwa na karibu thuluthi mbili ya nguvu yake, ile nguvu tunahesabiaka inafika siku ya 28. Sisemi ungoje siku 28, lakini fundi mwenye anamwaga beto juma tano na kupandisha mulango juma mosi, mukatalie. Mwagia ile beto mayi asubuyi na mangaribi siku zote 7.

mama_wa_BelAir (Lubumbashi)

Aksanti sana kwa bote, sikutegemea majibu haya. Nimepanda ku kiti na metre ya kushonea, toka tundu mpaka plafo ni santimetre 17. Kumbe ile ya magazini hakuna mwenye aliniuliza, walikuwa tayari kuchukua akonti! Kwa hiyo seksyoneli imetoka, na kusema kweli moyo yangu imepumua, sikutaka tena kintu chenye kinaning'inia juu ya kichwa ya batoto.

Ukuta ndiyo, ni matofali ya kuchoma, na pembeni ya tundu kuko ufa moya nilikuwa nafikiri ni rangi tu.

Sasa nabaki na maswali mbili. Batanti zifungukie inje ama ndani? Inje kuko metre 6 mpaka ku portaye ya barabara. Na kulipa, nilipe namna gani, juu sudere anataka nusu mbele ya kuanza na mara ingine nilisha kulipa nusu kwa muntu wa plafo na sikumuona tena.

fundi_wa_tole (Lubumbashi)

Inje mama. Ukiwa na metre 6 usifikirie mara mbili. Ndani batanti ya 1.20 itakula nafasi ya motokari na siku moya itapiga taa ya RAV4. Lakini zikifungukia inje pomele ziko inje pia, mwizi anaweza kujaribu kukata pini, kwa hiyo mwambie fundi asude kipande kidogo cha chuma ndani ya kila batanti upande ya pomele, chenye kinaingia mu kadre mulango ikifungwa. Hata akikata pomele zote tatu mulango haitoki. Ni kazi ya nusu saa na bipande byenye vinaanguka chini ya meza, asikuombe feza juu yake. Na uombe chuma ya kukamatia batanti wazi, upepo ya mwezi wa 9 na wa 10 inaweza kuirudisha ku motokari ama ku muntu.

Kulipa: usimupe feza ya matière, nenda naye ku kenkayeri, nunua weye mwenyewe, faktire ibaki kwako, pima tole. Akiona mama amekuja na mizani atajua ni mulango gani anafanya. Kisha kazi yake muigawanye mara tatu, ya kwanza wakati kadre na batanti zimesimama ku atelye na umeziona zikiwa bila rangi, ya pili siku ya kupandisha, ya tatu kisha juma moya ya kufungua na kufunga. Bila rangi nimesema, fundi mubaya anafichaka soduri (maungo) mbaya chini ya rangi. Soduri iwe inaendelea ku kadre yote, ku tole inaweza kuwa vipande vipande, na itumikishwe bageti ndogo ya 2.5 ama hata ndogo kuliko, kubwa inatoboa tole.

Antiruye mara mbili, kona za ndani ya tibu ya chini usisahau, na tobo ndogo chini ya tibu mayi itoke. Kama utachukua tole ya galva (yenye kupakwa zinki) juu inapinga kutu, ujue soduri inaunguza ile zinki, pale penye aliunga panaoza mbele ya pengine, lazima rangi ya zinki juu yake. Na moshi ya galva inagonjwesha fundi, homa ya usiku moya, asudie inje penye upepo. Mi kwa mulango kama yako natumiaka tole nyeusi ya kawaida na kazi nzuri ya rangi.

bibi_wa_Ruashi

Wanangu mumesema mazuri, mama wa Bel-Air pole, Mungu alimulinda mutoto. Mi niko na neno moya lenye sijaona mu majibu.

Garaji yako imeshikana na jikoni. Ile mulango ya zamani ilikuwa na nafasi pande zote, hewa ilikuwa inapita. Mulango mupya, fundi akifanya vizuri, itafunga kabisa. Wengi hapa wanaweka grupe mu garaji juu ya wezi, kura ikikatika wanaiwasha mule mule, mulango imefungwa nusu. Moshi ya grupe iko na monoksidi ya kaboni, haina harufu, haina rangi, inapita chini ya mulango ya jikoni inakuta bantu wamelala. Hapa muji tulishazika bantu juu ya ile. Grupe ikae inje, mu kijumba ya chuma kama ni lazima, mbali na madirisha. Na ku mulango mupya, mwambie fundi akate majaluzi juu na chini ya kila batanti, matundu marefu yenye kuinama, hewa ipite mvula isiingie. Uiombe sasa mbele tole haijakatwa, kisha rangi itakuwa gharama ingine.

Na portiyo ndogo (kamulango ka muntu kupita) ndani ya batanti moya msifanye kama muko na mulango ya jikoni, inadhoofisha batanti na ni serire ingine ya kununua.

mama_wa_BelAir (Lubumbashi)

Bibi aksanti sana. Grupe yetu iko kweli mu garaji. Bwana yangu amesoma neno lako na ameitoa leo mangaribi, iko inje chini ya tole, kesho tunatafuta muntu wa kuifanyia kijumba.

Nimezunguka na fundi mwingine siku mbili, huyu alikubali kuandika yote, na nimefika mpaka ku mizani, tole ya kwanza yenye walituletea ilikuwa kilo 29, mwenye kenkayeri akasema "mama unazidisha", nikamwambia basi nipe ile isiyozidisha, akaleta ya 35. Hesabu yangu iko hivi, kwa wenye wako na garaji kama yangu. Chuma yote, tole mbili, baa sita, pomele, serire, bageti na diski, antiruye na rangi, imefika 343. Kazi ya sudere 150 na esansi ya grupe yake 20. Nguzo mbili za beto, sima, chuma, muchanga, graviye na fundi wa kujenga, 192, na hapa njo sikutegemea kabisa, ni zaidi ya nusu ya bei ya chuma. Mufereji na grili 60. Transporti 20. Jumla 785. Yenye inabaki, 115, nimeificha, bwana yangu anajua lakini fundi hajue.

Kwa hiyo ile 420 haikuwa uongo, ilikuwa mulango bila nyumba ya kuishika.

Jana fundi wa kujenga alifungua ule ufa, nyuma yake matofali mbili zilikuwa zinatoka na vidole. Beto inamwagwa kesho kutwa. Mutoto njo atamwagia mayi asubuyi na mangaribi, ameshaandika siku 7 ku ukuta na chaki. Swali ya mwisho, ile mulango ya zamani, bao yake ni muti mugumu sana, ya zamani kweli, na kuko vyuma vyake vyote. Sudere anasema atanisaidia "kuitupa". Niuze wapi?

fundi_wa_tole (Lubumbashi)

Usimupe! Lakini kwanza resori, mama. Mulango juu, miti chini, njo resori. Kisha nitumie picha ya lile bao, kuko menuziye (seremala) mu Kamalondo mwenye ananiulizaka bao kama ile kila mwezi.